Nauli Mpakani: Kadi ya Abiria na Fedha Mbili za Busia

Abiria anayeondoka Tororo asubuhi akielekea Kisumu kwa njia ya Busia hulipa nauli zaidi ya mara moja, tena kwa fedha za aina mbili. Hadi Busia ya Uganda hulipa shilingi za Uganda. Hapo hushuka, akavuka kituo cha mpakani kwa miguu au akapakiwa na bodaboda, na upande wa pili hupanda matatu ambayo kondakta wake hutaka shilingi za Kenya. Katikati ya nauli hizo wamesimama wabadilishaji fedha na mabunda ya noti mikononi, na kila mmoja hapana budi apate chake. Katika miaka ya karibuni shilingi 1 ya Kenya imekuwa ikibadilishwa kwa shilingi za Uganda zipatazo 25 hadi 30, na kile kinachopungua katika kuzidisha na kugawanya hakimrudii abiria.

Msikilizaji, tumeona heri tuanze na safari hiyo fupi kwa kuwa ndiyo inayopima vema jambo ambalo limezungumzwa katika miji yetu mikuu kwa zaidi ya miaka 10 sasa, nalo ni kulipa nauli kwa kadi ya plastiki iliyotiwa fedha mapema, ambayo abiria huigusisha tu kwenye mashine apandapo gari. Kadi hiyo imesifiwa kuwa dawa ya wizi, ya ugomvi wa chenji na ya nauli zinazopandishwa ovyo mvua inaponyesha. Sifa hizo si za uongo. Lakini dai letu jioni hii ni kwamba kadi ya nauli ni mapatano kabla ya kuwa chombo, na palipokosekana mapatano, kadi ilikufa hata ilipokuwa na mashine bora na matajiri wa kuigharamia.

Kwanza tuieleze kadi yenyewe. Ndani yake mmefichwa kipande kidogo cha elektroniki kiitwacho chipu, pamoja na uzi mwembamba wa madini uliozungushwa mara kadhaa. Kadi haina betri. Ikikaribishwa kwenye mashine, kwa umbali wa sentimita chache, mawimbi ya redio yatokayo kwenye mashine huuamsha uzi huo, chipu ikapata nguvu, ikajitambulisha, salio likasomwa na nauli ikakatwa, na yote hayo huisha kabla abiria hajapata nafasi ya kuinua mguu wa pili. (Sisi watu wa redio twaweza kujivunia kidogo hapo.) Salio likipungua, mwenye kadi huenda kwa wakala akaongeza fedha. Ni jambo jepesi kabisa.

Walakini fedha zenyewe hazimo ndani ya plastiki. Zipo mahali fulani, mikononi mwa benki au kampuni fulani, na kadi ni hati inayosema kwamba benki hiyo au kampuni hiyo inawiwa na abiria kiasi fulani cha safari. Kwa hiyo mwenye kadi ni mtu aliyelipia safari ambayo bado hajaifanya, kwa mtu ambaye huenda hajamwona. Watu wa Busia na Tororo wana sababu zao za kuuliza maswali mbele ya hati ya namna hiyo, na sababu hizo zimo katika historia yao.

Mpaka huo si wa kale. Reli iliyojengwa kutoka Mombasa ilifika Kisumu, mji uliokuwa ukiitwa Port Florence, mnamo Desemba 1901, na wakati huo Kisumu ilikuwa bado ndani ya Uganda. Mwaka 1902 Waingereza walilihamisha jimbo la mashariki la Uganda likawa sehemu ya nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya, na Wasamia na Wateso wakajikuta wana jamaa upande huu na jamaa upande ule. Njia nyingine ya reli, iliyopita Nakuru na Eldoret, iliingia Uganda kupitia Malaba na Tororo, ikafika Kampala mwaka 1931, na kutoka Tororo tawi likaelekea Mbale na Soroti. Tororo ukawa mji wa reli. Busia haukupata reli. Ukabaki mji wa barabara, na tofauti hiyo ina maana katika habari tunayoisimulia.

Abiria wa treni wa Tororo alikuwa na kadi yake ya nauli zamani sana. Ilikuwa tiketi ndogo ya karatasi ngumu, yenye namba iliyopigwa chapa, ambayo karani aliigonga tarehe na mkaguzi akaitoboa. Aliyebuni tiketi ya namna hiyo alikuwa Mwingereza, Thomas Edmondson, katika miaka ya 1830. Kabla yake makarani wa stesheni waliandika tiketi kwa mkono, na hesabu ya mwisho wa siku ilitegemea uaminifu wa karani peke yake. Namba za mfululizo zilimwezesha mwenye reli kujua ni tiketi ngapi zimeuzwa na ni fedha ngapi zapaswa kuwamo sandukuni. Yafaa tulikumbuke jambo hilo, maana tangu mwanzo hati ya nauli ilibuniwa ili tajiri aweze kumhesabu mtumishi wake. Abiria alifaidika, lakini hakuwa yeye aliyefikiriwa kwanza.

Tiketi hiyo ilivuka mpaka pasipo taabu, kwa sababu mbili. Reli ilikuwa ya shirika moja, ambalo kuanzia mwaka 1948 liliziunganisha nchi zote tatu za Afrika Mashariki. Tena fedha ilikuwa moja: shilingi ya Bodi ya Fedha ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1920 baada ya kuondolewa rupia. Senti kumi iliyotobolewa katikati, ambayo mama sokoni aliweza kuitungia uzi, ilikuwa na thamani ile ile Tororo, Busia, Kisumu na Dar es Salaam. Inasemwa kwamba hata jina la matatu lilitokana na sarafu hizo, kwa kuwa nauli ya magari ya kwanza ya Nairobi ilikuwa senti thelathini, yaani sarafu tatu za senti kumi.

Jina la usafiri wa mpakani lina asili yake pia. Inasimuliwa kwamba katika miaka ya 1960 na 1970, pale Busia, palikuwa na zaidi ya nusu maili kati ya lango la Uganda na lango la Kenya, na gari la abiria halikuweza kupita bila karatasi nyingi. Vijana wenye baiskeli wakafunga mito ya kukalia nyuma ya baiskeli zao, wakawa wanawavusha watu na mizigo, huku wakiita kwa Kiingereza cha njiani, "boda, boda," maana yake mpaka hadi mpaka. Baadaye pikipiki zilichukua nafasi ya baiskeli, na jina hilo likaenea hadi Kampala, Nairobi, Dar es Salaam na kwingineko. Twaweza kusema bila kutia chumvi kwamba mji huo mdogo uliipa Afrika Mashariki nzima chombo cha usafiri, na ulikipata kutokana na pengo ambalo serikali mbili zililiacha wazi.

Pengo hilo lilizidi kupanuka. Mwaka 1966 kila nchi ilianza kutoa fedha yake kutoka benki kuu yake. Mwanzoni shilingi hizo zilikuwa sawa kwa sawa, na huenda mchuuzi wa Busia hakuona badiliko kubwa ila picha za kwenye noti. Ulipofika utawala wa Idi Amin, kuanzia 1971 hadi 1979, usawa huo ulivunjika. Bidhaa ziliadimika Uganda, kahawa ikavushwa usiku kwa magendo, na shilingi ya Kenya ikawa ndiyo fedha inayotafutwa hata na wasiokuwa na haja ya kusafiri. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na Shirika la Reli likagawanywa. Tiketi moja ya nchi tatu ilikuwa imetolewa na shirika ambalo sasa halikuwapo.

Ukaja mwaka 1987. Mwezi Mei wa mwaka huo serikali ya Uganda ilibadilisha fedha: shilingi mpya 1 ilipewa thamani ya shilingi 100 za zamani, na juu ya hayo ikakatwa kodi ya asilimia 30 katika ubadilishaji. Mtu aliyekuwa na akiba aliona sehemu kubwa ya akiba hiyo ikitoweka pasipo yeye kununua chochote. Na Desemba ya mwaka ule ule askari wa Uganda na wa Kenya walipigana hapo hapo Busia, mpaka ukafungwa kwa muda. Mzee wa Tororo aliyeyaona mambo mawili hayo katika mwaka mmoja hahitaji kufundishwa na mtaalamu wa benki kwamba fedha iliyowekwa ni amana, na kwamba amana ina hatari zake. Hata juzi tu, mwaka 2019, Kenya ilipozifuta noti zake za zamani za shilingi 1,000, waliokuwa wamezihifadhi ng'ambo ya mpaka walilazimika kufanya haraka kabla ya Septemba kwisha.

Sasa na twende Nairobi, kwani huko ndiko jaribio kubwa la kadi lilikofanyiwa, na mkasa wake una mafunzo ambayo Busia haiwezi kuyapuuza.

Tukumbuke kwamba matatu za Kenya zilikua nje ya mpango wa serikali. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliziruhusu kubeba abiria bila leseni maalumu, na tangu hapo kila mwenye gari akawa kampuni yake mwenyewe. Utaratibu wao wa fedha ni mwepesi na mkali. Mwenye gari humtajia dereva na kondakta kiasi ambacho lazima kifike mkononi mwake jioni. Kinachozidi, baada ya mafuta na baada ya wale wote wanaonyoosha mkono njiani, ndio ujira wao. Kwa hiyo noti anayoipokea kondakta asubuhi hununua mafuta saa nne, hulipa kijana anayepanga foleni stendi saa sita, na ikibaki hununua unga wa nyumbani usiku. Noti hiyo haikai mahali pamoja muda mrefu, na ndiyo maana gari haliwezi kwenda bila hiyo.

Aprili 2013 benki ya Equity pamoja na kampuni ya Marekani ya Google zilianzisha kadi iliyoitwa BebaPay. Abiria alipewa kadi, akatia fedha, na kondakta akiwa na simu ya mkononi iliyotengenezwa kupokea mawimbi ya kadi akamkata nauli. Risiti ikamfikia abiria kwa ujumbe wa simu. Mwaka uliofuata serikali iliingia kwa nguvu zake. Kanuni zilizotolewa mwaka 2014 chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama zilitaka magari ya abiria yaache kupokea nauli kwa fedha taslimu kuanzia tarehe 1 Julai ya mwaka huo. Kadi nyingine zikajitokeza kama uyoga baada ya mvua: Abiria, Pepea, na ile iliyopewa jina la mwaka wa uhuru wa Kenya, My 1963. Tarehe ya mwisho ilisogezwa hadi Desemba, kisha ikasahauliwa. Machi 2015 BebaPay ilifungwa, ikiwa haijatimiza hata miaka miwili. Nyinginezo zilififia moja baada ya moja, na abiria wa Nairobi akarudia kupitisha noti kwa jirani yake ili imfikie kondakta mlangoni.

Wapo waliosema kwamba abiria wetu hawakuwa tayari kwa mambo ya kisasa. Hatuwezi kukubaliana nao. Watu hao hao walikuwa wamekwisha kuzoea kutumiana fedha kwa simu tangu M-Pesa ilipoanza Machi 2007, na hakuna aliyewalazimisha. Sababu zilikuwa mahali pengine, na tukizitazama kwa utulivu tutaziona wazi.

Kwanza, kadi ilimtoa kondakta katika mzunguko wa fedha bila kumpa kitu badala yake. Nauli ya kadi iliingia benki katika hesabu ya mwenye gari, ilhali mafuta yalitakiwa saa nne asubuhi. Ujira wa dereva na kondakta haukuwa mshahara. Ulikuwa ni masazo. Ukiyaondoa masazo pasipo kuweka mshahara, umemwambia mtu afanye kazi bure, naye atakujibu kwa namna zake: mashine itaharibika, mtandao utapotea, na mwenye kadi ataachwa kituoni ili apakiwe mwenye noti. Wengine waliona ujanja huo ukawakasirisha. Sisi twaona kwamba ulikuwa mgomo wa watu wasiokuwa na meza ya kuketia na tajiri wao. Tena wenye magari wenyewe hawakuwa na moyo mmoja, maana mashine inayomhesabu kondakta yaweza pia kumhesabu tajiri mbele ya mtoza kodi.

Pili, kadi zilikuwa nyingi na hazikujuana. Abiria wa kubadilisha magari mawili angehitaji kadi mbili na salio mbili. Kila benki ilitaka iwe yake itakayoshinda, na hakuna iliyotaka kuipokea kadi ya mwenzake. Hapo ndipo pa kuulinganisha mkasa huo na kanuni za waziri John Michuki, ambazo mwanzoni mwa mwaka 2004 ziliyalazimisha magari ya abiria kuwa na mikanda, vidhibiti mwendo na mstari wa manjano ubavuni. Kanuni hizo zilisumbua, lakini zilishika, angalau kwa kipindi, kwa sababu askari barabarani aliweza kuuona mstari na kuushika mkanda. Mapatano ya benki na benki hayaonekani dirishani.

Tukitaka kuona kadi iliyofaulu karibu nasi, tutazame Kigali, ambako kadi ya Tap&Go ilianza mwishoni mwa mwaka 2015 na ikazoeleka. Wanyarwanda walikuwa wametangulia kuzigawa njia za mji kwa kampuni chache zenye mkataba na serikali. Nauli ilikuwa imepangwa na mamlaka, na dereva hakuwa anatafuta masazo. Kadi ilikuta nyumba imekwisha kujengwa. Dar es Salaam, ambako mabasi ya mwendokasi yalianza kazi Mei 2016, pamekuwa na safari ndefu zaidi ya kadi na tiketi za karatasi, ingawa kwenye kivuko cha Kigamboni N-Card ilipata wenyeji wake.

Mfano ulio mkubwa kuliko yote uko mbali na kwetu. Huko Hong Kong kampuni tano za treni, mabasi na vivuko, zilizokuwa zikishindana kila siku, zilikubaliana mwaka 1994 kuunda kampuni moja ya kusimamia nauli zao. Kadi yenyewe, iitwayo Octopus, haikutoka ila mwaka 1997, yaani kazi ya miaka mitatu ilitangulia kabla abiria hajaona plastiki. London ilifuata na kadi yake ya Oyster mwaka 2003, ambako mamlaka moja tayari ilikuwa ikisimamia mabasi na treni za chini ya ardhi.

Lakini kinachowahusu watu wa Busia hasa ni jambo ambalo Hong Kong ililifanya baadaye. Mji huo unapakana na Shenzhen, uliopo China Bara, na kati ya miji hiyo miwili upo mpaka wenye walinzi na fedha mbili tofauti. Kila asubuhi watu huvuka kwenda kazini, shuleni na sokoni. Mwaka 2012 kampuni za kadi za miji hiyo miwili zilitoa kadi moja yenye mifuko miwili ndani yake: mmoja wa dola za Hong Kong, mwingine wa fedha ya China. Abiria akigusisha upande huu hukatwa mfuko huu, akigusisha upande ule hukatwa mfuko ule. Hakuna fedha iliyochanganywa na nyingine, wala hakuna aliyeacha mamlaka yake. Waliketi tu wakaandikiana.

Je, kadi ya mifuko miwili yawezekana Busia? Kwa upande wa mitambo hakuna kizuizi. Tangu Februari 2018, Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni walipokizindua kituo cha pamoja cha mpakani pale Busia, msafiri hukaguliwa na maofisa wa nchi zote mbili chini ya paa moja, upande anaoingilia. Kampuni za simu za pande mbili nazo zimekwisha kuingia mapatano ya kupelekeana fedha, na wapo wakazi wengi wanaotembea na laini mbili, moja ya Kenya na nyingine ya Uganda. Kwa maana hiyo mkazi wa Busia ameshajitengenezea mifuko miwili kwa akili yake mwenyewe, bila kungoja kadi ya mtu.

Vizuizi ni vya namna nyingine, na yafaa vitajwe kwa majina yake. Nauli ya mpakani haina bei moja. Mama anayetoka Tororo na trei za mayai, au na gunia la mahindi, hupatana na kondakta bei ya kiti, kisha hupatana bei ya mzigo, na bei hiyo hutegemea mzigo umewekwa wapi, gari limejaa kiasi gani, na mama huyo ni mteja wa siku zote au mgeni. Mwenye dagaa hulipa zaidi kwa sababu ya harufu, naye hubisha. Mashine inayojua nauli moja itamfaa mtumishi mwenye mkoba. Mama wa mayai itamwacha abishane kama kawaida, kisha alipe mzigo kwa noti. Na waendesha bodaboda, ambao safari zao ni fupi na nauli zao ni ndogo, watauliza ni nani atakayelipia mashine, na ni sehemu gani ya kila nauli itakayokatwa na kampuni kabla haijawafikia. Hayo ni maswali ya haki. Mpango wowote utakaoletwa Busia pasipo majibu yake utarudi ulikotoka kama BebaPay.

Lipo pia swali la amana. Abiria elfu moja wakiacha salio dogo dogo katika kadi zao, kiasi hicho kikikusanywa ni fedha nyingi, nazo hukaa kwa mwenye kampuni bila kuzaa kitu kwa wenyewe. Kampuni ikifungwa upande mmoja wa mpaka, mkazi wa upande wa pili amdai nani, na katika mahakama gani? Benki kuu za nchi zetu zina sheria za kulinda fedha za simu, kila moja kwa nchi yake. Deni la nauli lililovuka mpaka lahitaji mlinzi wa pande zote mbili, na hilo ni jambo la serikali kuandikiana. Halitamalizwa na kampuni inayouza mashine.

Wala tusidhani kwamba kuandikiana huko hakuwezekani. Mwaka 2014, ule ule ambao kadi za nauli zilishindwa kuuzoea mji wa Nairobi, Kenya, Uganda na Rwanda zilikubali raia wao wavuke mipaka kwa kitambulisho cha taifa, bila pasipoti. Kitambulisho nacho ni kipande cha plastiki. Mtu wa Tororo hukitoa mfukoni pale Busia, ofisa wa Kenya akakitazama na kukiheshimu, ingawa hakikutolewa na serikali yake.

Kuhusu fedha yenyewe, marais wa Jumuiya mpya ya Afrika Mashariki walitia sahihi itifaki ya umoja wa sarafu mjini Kampala tarehe 30 Novemba 2013, wakiwa na shabaha ya kuwa na fedha moja ifikapo mwaka 2024. Mwaka huo umepita, na tarehe imesogezwa hadi 2031. Hadi hapo wabadilishaji fedha wa Busia wangali na kazi, na yeyote atakayetaka kuwaletea abiria wa mji huo kadi ya nauli atapaswa kuanza kwa kuzungumza nao, na kondakta wa Kisumu, na mwenye teksi wa Tororo, na kijana wa bodaboda aliye katikati yao.